Debora wa Hagg End

Mungu alinipa sauti, nami nikamshukuru kwa kuitumia bila kuipumzisha. Pale Hagg End, kijiji chetu cha wafumaji huko juu kwenye milima ya Yorkshire, watu walikuwa wakisema kwamba Tamar Sutcliffe akiomba jikoni kwake, kondoo wa bonde la pili hupiga magoti. Waliosema hivyo walikuwa wananidhihaki. Mimi nilidhani ni sifa, nikawa namsimulia kila mgeni.

Nilikuwa kiongozi wa kundi la wanawake wa Kimethodisti, na kundi lilikutana kwangu kila Jumatano alasiri. Kazi ya kiongozi ni kumuuliza kila mmoja hali ya roho yake, kisha kuwapa wote neno la kuwatia moyo. Kuuliza nilikuwa nauliza mbiombio.

"Hujambo rohoni, Dada Betty?"

"Sijambo, dada, ila wiki hii nime..."

"Mungu ni mwema! Keti, mwenzio naye apate nafasi."

Kwenye neno ndipo nilipojinafasi. Neno langu lilikuwa moja, la Debora, yule mwamuzi wa Israeli aliyeketi chini ya mtende wake huku majemadari wakimjia kuomba shauri. Sikusema waziwazi kwamba Debora ni mimi. Niliwaachia wenye akili wajazie wenyewe.

Mume wangu Abram hakuwa mmoja wetu. Ni mtu wa maneno machache mno. Siku aliyokuja kunichumbia nilidhani amekuja kuazima ngazi. Mimi nikihubiri chini, yeye alikuwa juu ghorofani kwenye mtambo wake wa kufumia sufu, tak, tak, tak, kana kwamba ananipigia makofi ya kejeli. Nililalamika mpaka nikachoka.

"Abram, unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Jora halifumiki kwa mahubiri, mke wangu," alinijibu, akapanda zake.

Mahali pamoja tu ndipo mtambo ulipotulia. Kila Jumatano nilisimulia jinsi nilivyokuwa nimezama katika giza, na nilipofika pale pa kusema, "Kisha Bwana akaniinua kama alivyomwinua Debora," juu kulikuwa kimya kidogo. Halafu tak, tak ikaendelea. Nilidhani anabadilisha uzi.

Basi mwaka huo, 1803, wakuu wetu wakakaa mkutano wao, wote wanaume na wote wameshiba, wakaona kwamba wanawake wanahubiri kupita kiasi. Wakakata shauri kwamba mwanamke asihubiri tena. Akiwa na mwito wa pekee kabisa, na aseme na wanawake wenzake tu. Utadhani walisahau ni jikoni kwa akina nani walikokula na kulala zamani walipokuwa wakirushiwa mayai viza sokoni. Mawe ya kikanisa chetu tuliyabeba wanawake kwa aproni kutoka mtoni. Mgongo wangu haujasahau hata kama wao wamesahau.

Lakini nisijifanye shujaa. Kilichoniudhi hasa si haki ya wanawake. Kilichoniudhi ni kwamba wanaume walikuwa wakija kunisikiliza, na mimi nilipenda sana waje.

Wanaume walikuwa na kundi lao, chini ya Ndugu Jabez Barstow, mshona viatu. Alikuwa mtu mwema, ila aliweza kumlaza usingizi hata mgonjwa wa jino. Mmoja mmoja wakawa wanamtoroka, wanakuja kujibanza ngazini kwangu. Sasa, kwa amri hii mpya, wakiwepo mimi ni mkosaji, na nikiwafukuza nitabaki na Dada Betty na kikohozi chake. Tukatafuta dawa. Tulichukua jora zima la Abram, tukalitundika kwenye boriti tunapoanikia mikate ya shayiri, likaligawa jiko pande mbili. Wanawake huku kwenye moto, wanaume kule kwenye ngazi na baridi. Mimi nilisema na wanawake. Kama upande wa pili palikuwa na viatu vilivyochungulia chini ya jora, hayo yalikuwa mambo ya viatu.

Tulisahau kwamba kila kiatu cha Hagg End kimeshonwa na Jabez. Alipita dirishani Jumatano moja, akainama, akavitambua vyote na wenyewe.

Kufumba na kufumbua habari zikamfikia Bwana Thornber, msimamizi mpya wa makanisa yetu, kijana mrefu mwenye uso wa mtu anayenusa maziwa kama yameganda. Akaleta salamu kwamba Jumatano inayofuata atakuja mwenyewe kusikiliza. Ulikuwa ni wakati wa kugawa tiketi, vile vikaratasi vyenye aya ya Biblia ambavyo kila mmoja wetu hupewa upya baada ya kuhojiwa. Bila tiketi huingii kwenye karamu ya upendo, na wewe si wetu tena. Bwana Thornber akinikuta nahubiria wanaume, mimi sipewi tiketi, na kundi langu anakabidhiwa Jabez.

"Wakitupatia Jabez," alisema Dada Betty Uttley, "mimi narudi kwa kasisi wa parokia. Kule angalau mtu analala kwenye kiti chenye mto."

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Lile kundi ndilo lililokuwa maisha yangu. Bila lile, ningekuwa mke wa mfumaji mwenye jiko kubwa lisilo na mtu.

Mtu mwenye busara angefunga na kuomba. Mimi nilipanda mlimani kufanya mazoezi. Nilitaka Bwana Thornber asikie Debora ambaye hajapata kusikika duniani. Kutwa nzima nilisimama juu ya jiwe katika upepo na ukungu, nikawapigia kondoo kelele juu ya mtende na majemadari. Walinitazama kwa adabu. Mmoja alikojoa. Jioni nikirudi koo linawaka, nikajiambia ni moto wa Roho.

Jumatano asubuhi nilifungua kinywa kumwomba Abram anipitishie uji. Hakikutoka kitu.

"Umesema?" akauliza.

Nikajaribu tena. Ikatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Abram akaweka kijiko chini, akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, mshenzi yule. Kisha akaniletea asali na siki, akanipaka mafuta ya bata bukini shingoni, akanifunga soksi yake ya sufu juu yake. Sikuthubutu kulia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alasiri watu wakajaa. Wanawake wote walikuja. Karibu na moto tulimkalisha Bibi Susan Ackroyd, ambaye kundi lilianzia nyumbani kwake kabla yangu, na ambaye sasa alikuwa kiziwi kabisa, akitabasamu kwa kila kitu. Wanaume nao walikuja, wengine wamevua viatu kwa tahadhari, wakikanyaga jiwe baridi kwa soksi. Jabez alikuja amevaa koti la mazishi. Halafu akaingia Bwana Thornber, na hapo likazuka swali ambalo hatukuwa tumelifikiria, kwamba akae wapi?

"Akikaa huku kwetu," alinong'ona Betty, "yeye mwenyewe ni mwanamume. Ukimsemesha, umekwisha."

Bwana Thornber akafikiri, akaona hoja ina uzito. Kwa hiyo akaenda akaketi ngazini pamoja na wanaume, nyuma ya jora, ili ahakikishe kwamba nyuma ya jora hakuna mtu anayesikia.

Juu, Abram alikuwa anafuma. Tak, tak, tak.

Nikasimama. Nikainua mkono kama ninavyoinua siku zote. Nikafungua kinywa. Bawaba ikalia.

"Sauti, dada!" akasema mwanamume mmoja upande wa pili, akajisahau kwamba hayupo.

Nikajaribu tena, mishipa imenisimama, jasho linanitiririka ndani ya soksi ya Abram. Hakuna. Wanawake walikuwa wananitazama kwa huruma, na huruma ya watu uliozoea kuwahutubia ni kitu kichungu. Nyuma ya jora Jabez akakohoa kikohozi cha ushindi.

"Bwana msimamizi, nadhani sote tumeona. Bwana mwenyewe amemfunga kinywa. Hatuna sababu ya kupoteza muda. Kundi mimi niko tayari kulipokea."

"Subiri kwanza, Ndugu Barstow," akasema Bwana Thornber. "Dada Sutcliffe, una la kusema au huna?"

Nilikuwa nalo, tele. Sikuwa na cha kulisemea. Hapo ndipo nilipoona kundi langu linaondoka, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Mtambo ukanyamaza. Nikasikia hatua ghorofani, kisha ngazini, na wanaume wakisukumana kupisha. Jora likainuliwa, akatoka Abram, nyuzi za sufu zimemganda nywelini. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akainamisha sikio.

"Sema," aliniambia. "Nitawaambia mimi."

"Huyu si mwana wa chama!" Jabez akapiga kelele. "Hana hata tiketi!"

"Kweli sina," akasema Abram. "Kwa hiyo hamna cha kuninyang'anya. Nami ni mwanamume, nasikia wanaume wanaruhusiwa."

"Sheria haimzuii," akasema Bwana Thornber nyuma ya jora, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye angependa imzuie.

Nikainama sikioni mwa mume wangu, nikamnong'oneza kwa fahari yote iliyonibakia: Enyi binti za Sayuni, kama vile Debora mke wa Lapidothi alivyoketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, ndivyo nami mtumishi wenu nasimama hivi leo.

Abram akawageukia watu. "Anasema amefurahi mmekuja."

Nikamfinya. Nikanong'ona tena, kwa ukali, juu ya shimo la giza na matope ya dhambi, na jinsi nilivyogaagaa humo kama kiumbe asiye na mchungaji.

"Anasema kuna wakati hali yake ilikuwa mbaya."

Wanaume wakacheka kule nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye kwanza. Nikakimbilia mwisho, mahali pangu pazuri kuliko pote, nikamnong'oneza: Kisha Bwana akaniinua kama alivyomwinua Debora.

Abram alitazama mikono yake. Nikamnong'oneza mara ya pili, nikidhani hakusikia.

"Hapa anaruka," akawaambia watu. "Kila Jumatano huwa anaruka hapa."

Nikamshika bega. Hakugeuka.

"Tulikuwa na mtoto," akasema Abram. "Jina lake Hanna. Alikuwa ameanza kuimba. Ndui ikamchukua. Tamar akakaa pale, kwenye kile kiti, akakataa kuinuka. Hakula, hakusema. Huyu, ambaye ninyi mnamjua kwa kusema. Moto ukazimika. Mimi sikujua la kufanya, nikapanda juu nikafuma, maana kufuma ndiko ninakokujua. Nilikuwa namsikia chini jinsi asivyolia.

"Akaingia Susan Ackroyd. Hatukuwa tumezoeana naye, tulisikia tu kwamba ni Mmethodisti, na ndui ilikuwa bado iko nyumbani, hakuna mtu mwingine aliyethubutu hata kugonga mlango. Nikasema moyoni, huyu amekuja kutuhubiria juu ya maiti yetu, nitamtoa kwa fimbo. Hakuhubiri. Aliwasha moto. Akaosha vyungu. Akafua nguo za mtoto, akazikausha, akazikunja vizuri kama zitavaliwa tena. Akaenda zake. Kesho yake akarudi. Na kesho yake tena. Siku moja nilishuka nikamkuta Tamar amesimama, anamfutia sahani. Basi, ndiyo siku aliyoinuliwa. Mimi nilikuwepo. Debora sikumwona."

Hakuna aliyekohoa, hata Betty. Bibi Susan peke yake, aliyekuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa sauti ya viziwi:

"Anasema nini huyo kijana?"

Mimi nilikuwa karibu naye, nikafungua kinywa nimwambie, na sauti haikuja. Betty ndiye aliyeinama sikioni mwake.

"Anasema habari zako, bibi!"

"Habari zangu? Nimefanya nini?"

"Uliosha vyungu vya Tamar! Hanna alipofariki!"

Bibi Susan akakunja uso, akajitahidi kukumbuka.

"Si vilikuwa vichafu?" akasema.

Hapo kundi zima likashindwa kujizuia. Betty alilia kwa sauti, na wengine wakalia, na kila mmoja akaanza kumwambia mwenzake nani aliingia kwake siku ipi, nani alimkandia mkate, nani alimshikia mtoto. Yale yote niliyopaswa kuwauliza kila Jumatano, nikawa nawaambia waketi. Nyuma ya jora wanaume walikuwa wanapenga makamasi. Nami nilikuwa nimeketi chini sakafuni, kichwa changu kwenye magoti ya Bibi Susan, nalia bila sauti, jambo ambalo kwangu lilikuwa geni.

Bwana Thornber akainua jora, akaingia upande wetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi.

"Nilikuja kuona kama kuna mwanamke anayewahubiria wanaume hapa," akasema. "Nimemsikia mwanamume, asiye wetu, akisimulia habari za mwanamke aliyeosha vyungu. Sijui sheria yoyote juu ya hilo." Akatoa tiketi zake mfukoni, akanipa yangu. "Kundi libaki na mwenyewe, Dada Sutcliffe. Na Ndugu Barstow, hebu nikutembelee kesho tuzungumze juu ya kundi lako."

Kisha akamgeukia Abram, akamwambia kwamba mtu mwenye karama kama hiyo ni dhambi kukaa juu ghorofani, na kama angekubali kujiunga, basi pengine siku moja kuhubiri...

"Nina jora la kumalizia," akasema Abram. Akalivuta lile la kwetu kutoka kwenye boriti, akalikunja, akapanda nalo juu.

Ningependa kusema kwamba nilimshukuru. Nilikasirika mpaka jua likazama. Jioni nilimfuata ghorofani na kunong'ona kwangu.

"Mbona ulimkata Debora wangu?"

"Alikuwa mrefu," akasema Abram.

"Na mbona miaka yote hii hukuniambia kwamba unasikiliza?"

"Hukuniuliza, Tamar. Ulikuwa unasema."

Sauti ilirudi polepole, imekwaruza, na haijapata kuwa kama zamani. Kondoo wa bonde la pili sasa wanalala. Jumatano ya kwanza nilipoweza kusimama tena, hakukuwa na jora la kutundika, maana Abram alikuwa ameliuza, na wanaume waliketi ngazini hadharani wamevaa viatu vyao, wala hakuna aliyetumwa kuvihesabu. Nikamuuliza Betty hali ya roho yake, akanijibu kwa kirefu, nami nikauma ulimi wangu mpaka akamaliza. Wakaja na wengine. Halafu ikafika zamu ya neno, na mtu haachi tabia yake kwa siku moja. Nikainua mkono, nikaanza na mtende.

Juu, tak, tak, tak.

Nikasimulia giza, nikasimulia shimo, nikawa naona raha, nikafika pale. "Kisha Bwana akaniinua," nikasema, na mtambo ukanyamaza.

Safari hii nilijua habadilishi uzi. Watu walikuwa wananisubiri. Bibi Susan alikuwa anatabasamu kwenye moto. Debora alikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, na mtende wake, na majemadari wake wote.

"Ngojeni," nikasema. "Nimeruka. Nilikuwa na mtoto, jina lake Hanna."

Mtambo ulikaa kimya mpaka nilipomaliza.